Pua bandia si pambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye wiki mbili zilizopita aliuliza, kupitia gazeti lako, kama ni busara fedha za bima ya afya kutumika kuwatengenezea wagonjwa wa saratani "pua na masikio ya mpira" wakati wapo wagonjwa wanaokosa hata dawa. Aliandika kwa adabu, na hoja yake juu ya uhaba wa dawa haina ubishi, kwa hiyo sikuja kumgombeza. Nimeshika kalamu kwa sababu ya neno moja aliloliweka mwishoni mwa barua yake, kwamba vitu hivyo ni "mapambo". Neno hilo linanihusu. Pua yangu ni ya silikoni, na ninapoandika haya hapa barazani Chumbageni sinayo usoni; iko ndani ya kikopo chenye mfuniko kando ya kikombe changu cha kahawa, kwa kuwa joto la leo ni kali na sitarajii mgeni.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ugonjwa ulinianza kama kidonda kidogo ndani ya tundu la kushoto la pua, mfano wa kile ambacho mtu hujitia mwenyewe kwa ukucha. Kiliweka gaga, gaga likabanduka na damu kidogo, kikaelekea kupona, kikarudi. Nilikipaka mafuta ya mgando, nikanunua dawa ya kupaka katika duka la dawa, nikajifukiza majani niliyoelekezwa na jirani, na katika hayo miezi minane ikapita. Kilipoanza kutoboa upande wa nje ndipo nilipokwenda hospitali, nikakatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, na majibu yakasema ni saratani ya seli bapa, yaani seli za tabaka la juu la ngozi. Daktari bingwa hakunizungusha: pua yote ingeondolewa pamoja na sehemu ya mfupa, kisha ningepelekwa Dar es Salaam kupigwa mionzi. Nilikubali, na sijutii. Huu ni mwaka wa sita, saratani haijarudi, na wapo niliolala nao wodi moja ambao leo tunawasomea dua.

Lakini siku niliporuhusiwa kwenda nyumbani nilipewa gozi, plasta na tarehe ya kurudi kliniki, basi. Nilipouliza nitaishi vipi na uso ule, mhudumu mmoja alinijibu kwa upole, "Mwalimu, mshukuru Mungu uko hai." Nilimshukuru. Nikarudi Tanga nikimshukuru, nikakaa ndani miezi kumi na mmoja.

Watu hudhani kazi ya pua ni kunusa na kubeba miwani. Pua huchuja hewa, huitia unyevu na kuipasha joto kabla haijafika mapafuni. Asiyekuwa nayo huvuta vumbi la barabara moja kwa moja hadi ndani, ute hukauka na kuwa magamba magumu ambayo lazima yalainishwe kwa maji ya chumvi na kuondolewa taratibu asubuhi na jioni, na yakiachwa hunuka. Sauti nayo hubadilika. Kuna pia jambo ambalo sijaliona likiandikwa, nalo ni inzi. Mahali palipo wazi na penye unyevu inzi hawapasahau, na mtu mzima anayelazimika kulala mchana ndani ya chandarua kwa kuogopa inzi usoni mwake hahitaji kufafanuliwa maana ya unyonge.

Binti yangu ni muuguzi. Ndiye aliyenionyesha dodoso linalotumiwa na watafiti, lililotungwa na shirika la Ulaya la utafiti na tiba ya saratani linalojulikana kwa kifupi kama EORTC, lenye maswali 35 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo. Nilitegemea kukuta maswali ya maumivu na ya kumeza, nayo yamo. Yaliyonishangaza ni mengine. Je, umepata shida kula mbele ya familia yako? Kula mbele ya watu wengine? Kuzungumza kwa simu? Kwenda mahali penye watu? Je, mwonekano wako umekusumbua? Kumbe huko wanakopima kama tiba imefaa, wanapima na haya. Nilimwomba aniachie karatasi ile, nikaijibu peke yangu kwa kalamu nyekundu.

Kula mbele ya familia: nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za Tanga, tunakula katika sinia moja. Baada ya upasuaji nilihama sinia. Mke wangu alinitengea sahani chumbani, na kila siku alitafuta kisingizio kipya cha kubaki mle nilimokuwa nakula, mara anakunja nguo, mara anatafuta sindano, ili nisile peke yangu. Na mimi kila siku nilimwomba anipishe, kwa sababu nilijua kwamba ninapotafuna tundu lile hutoa majimaji. Simu: mdogo wangu anayeishi Pangani alinikatia mara mbili akidhani amekosea namba. Mahali penye watu: siku moja nilijikaza nikaenda sokoni Ngamiani nikiwa nimejifunga kitambaa, na muuza nazi ambaye tunajuana miaka ishirini akaiweka chenji yangu juu ya meza badala ya kunipa mkononi. Hakukusudia ubaya. Watu wetu si wakatili, Ndugu Mhariri. Hawajui tu wayaweke wapi macho yao, na macho yakikosa pa kutua, mkono nao hurudi nyuma. Watoto niliowafundisha kusoma, ambao zamani walivuka barabara kunipa shikamoo, wakawa wanavuka kunikwepa.

Kliniki nilikutana na mama mmoja aliyeondolewa jicho pamoja na kope zake. Alinitania, "Mimi nikivaa nikabu na miwani nyeusi sina neno, mwalimu. Wewe mwanamume utajificha ndani ya kanzu?" Tulicheka sana. Baadaye, tukingojea kuitwa, aliniambia kwamba harusini, wanawake wanapobaki peke yao na kufunua nyuso zao, yeye huaga mapema.

Pua yangu ya kwanza niliipata Dar es Salaam, kwa daktari wa meno aliyesomea viungo bandia vya kinywa na uso, akisaidiwa na fundi sanifu wa maabara ya meno. Wengi hushangaa pua inahusianaje na meno, lakini kazi ni ileile ya kuchukua umbo, kuchonga nta na kumimina plasta. Walinilaza, wakaziba tundu kwa gozi iliyopakwa mafuta, wakanipaka uji mzito wa rangi ya waridi, ule unaotumika kuchukulia umbo la meno, ukawa wa baridi kama udongo wa mfinyanzi, nami nikapumua kwa mdomo hadi ulipokauka. Humo wakamimina plasta wakapata nakala ya uso wangu ulivyo, na juu ya nakala hiyo fundi akaanza kuchonga pua ya nta. Aliniomba picha za zamani. Nilikuwa na tatu tu zinazoonyesha uso vizuri: ya kitambulisho, ya harusi ya binti yangu na ile ya siku niliyoagwa shuleni.

Nilipojaribishwa ile pua ya nta, mke wangu, ambaye hadi dakika ile alikuwa amekaa kimya kwenye benchi, aliinuka akasema, "Hiyo siyo. Yake ilikuwa imelalia kulia kidogo." Fundi alitazama picha, akaona kweli, akachukua kisu chake. Miaka yote nilikuwa natembea na pua iliyolalia kulia na sikuwahi kujua.

Kazi ya rangi ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Silikoni huja haina rangi, na fundi huikoroga pamoja na rangi za unga tone kwa tone. Ngozi yetu ambayo tunaiita nyeusi ina wekundu kwa chini na umanjano kwa juu, na pembeni mwa pua huwa imekoza kuliko shavuni. Aliniketisha karibu na dirisha, akakataa taa, akapaka tabaka baada ya tabaka ndani ya kalibu la plasta, akatia nyuzi nyembamba nyekundu kama mishipa, kisha akaifunga na kuiivisha kwa joto. Kingo zake zilitoka nyembamba kama ganda la kitunguu, ili zikilazwa juu ya ngozi zisionekane zinapoishia, na fremu ya miwani ikafunika pale juu. Baadaye nilisoma kwamba mchongaji sanamu wa Kimarekani, Anna Coleman Ladd, alifanya kazi ya aina hii Paris kuanzia mwishoni mwa 1917, akiwatengenezea askari waliochanwa nyuso vitani vinyago vya shaba nyembamba vilivyoshikizwa kwa miwani, na kwamba alichagua rangi iliyo katikati, isiyokoza wala kupauka, ili ifae siku ya jua na siku ya mawingu. Fundi wangu hakuwahi kumsikia. Alifanya vilevile.

Sasa nirudi kwenye neno "mapambo". Nimelelewa madrasa, na hoja yangu kubwa nimeitoa huko. Abu Daud na Tirmidhi, miongoni mwa wapokezi wa hadithi, wamepokea habari ya Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya, kabla ya Uislamu. Alijiwekea pua ya fedha, ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke pua ya dhahabu. Kila aliyekaa mkekani mbele ya mwalimu anajua kwamba dhahabu ni haramu kwa mwanamume kujipamba. Basi kama pua ya bandia ingehesabiwa kuwa pambo, Arfaja angeambiwa avumilie harufu, au akae bila pua. Aliamrishwa dhahabu kwa kuwa pua yake ilihesabiwa kuwa haja ya mwili na ya kuishi na watu, na wanazuoni wakaitegemea habari hiyo kuruhusu hata meno yanayolegea yafungwe kwa dhahabu. Nimemwandikia msomaji mwenzangu hadithi hii kwa sababu jina lake linanionyesha kwamba naye atakuwa amepita madrasa. Asiyepita huko ana mfano wa mwanafalaki wa Denmark, Tycho Brahe, aliyekatwa pua kwa upanga mwaka 1566 akavaa pua ya madini maisha yake yote, na inasimuliwa kwamba alitembea na kikopo cha gundi mfukoni. Mimi pia natembea nacho.

Tena si kila kiungo bandia cha uso kinaonekana, na hapa ndipo hoja ya mapambo inapokosa kabisa pa kusimama. Mgonjwa aliyeondolewa sehemu ya taya la juu kwa sababu ya saratani hubaki na tundu kati ya kinywa na pua. Akinywa maji yanatokea puani, akisema hasikiki, na uji anaokula anaupoteza nusu. Hutengenezewa kipande cha akriliki, kama kile cha meno bandia, kinachoziba kaakaa, na siku hiyohiyo anaweza kunywa chai na kuita watoto wake kwa majina wakamsikia. Daktari mashuhuri wa nafsi, Sigmund Freud, aliishi na kipande kama hicho tangu alipopasuliwa mwaka 1923 hadi alipofariki London mwaka 1939, akikilaumu kila siku kwa kumuumiza, maana cha wakati ule kilikuwa kizito na hakikukaa sawa. Hata hivyo bila hicho asingeweza kusema wala kula. Kipande hicho kiko ndani ya kinywa, hakuna anayekiona. Kinampamba nani?

Sitaki nieleweke kwamba pua ya silikoni ni muujiza. Hapa Tanga ina taabu zake, na taabu hizo zinafaa zijulikane na watu wanaopanga bima, kwa sababu ndizo zinazoamua itadumu muda gani. Gundi haipatani na jasho. Mwezi wa Februari, ukitoka Chumbageni hadi stendi kwa miguu, kingo zinaanza kuinuka kabla hujafika. Jua huipausha, mafuta ya ngozi na sabuni huichakaza, na ilhali uso wangu unakoza rangi kwa jua la pwani, pua inabaki pale ilipokuwa siku ya kutengenezwa, kisha inaanza kufifia. Kwa kawaida ya vitu hivi, baada ya mwaka mmoja au miwili, na wakati mwingine zaidi kidogo kwa mwenye kuitunza, inabidi itengenezwe nyingine. Usiku naivua ngozi ipumue, naisafisha kwa maji, sabuni laini na mswaki wa mtoto. Wakati wa udhu naivua, nasafisha tundu kwa uangalifu, napaka gundi upya, nangoja ikauke. Kwa hiyo adhana ya alasiri huanza kwangu robo saa kabla ya wenzangu.

Ijumaa moja, katika mwaka wa kwanza, nilipoinuka kutoka sijida pua ilibaki juu ya mkeka. Kijana aliyekuwa kando yangu katika safu aliiona. Hakugeuza shingo, aliisogeza kwa ncha ya kidole hadi mbele ya goti langu, akaendelea na swala. Tangu siku ile mimi huvaa pua inayoshikizwa pia na miwani, na miwani nimeitia kamba nyuma ya kichwa chini ya kofia. Kijana yule ni fundi bajaji wa Makorora, na mpaka leo hatujawahi kulizungumza.

Zipo njia nyingine, na ni haki nizitaje. Wapasuaji wanaweza kujenga pua kwa nyama ya paji la uso, ufundi uliojulikana India tangu kale sana, na kwa wagonjwa wengi hiyo ndiyo njia bora. Haifai kwa kila mtu. Ngozi iliyopigwa mionzi hupona kwa shida, upasuaji wenyewe ni wa awamu kadhaa, na daktari wangu alipendelea pua ya kuvua kwa sababu moja ambayo sikuwa nimeifikiria: kila ninapokwenda kliniki anaivua, anachukua tochi na kuchungulia ndani kama saratani inarudi, bila kizuizi chochote. Yaani kitu kilichoitwa pambo ndicho kinachomrahisishia kunichunguza. Zipo pia skrubu za titani zinazopandikizwa kwenye mfupa ili kiungo kishikwe kwa sumaku au kwa kipini badala ya gundi. Msingi wake ni kazi ya Mswidi Per-Ingvar Brånemark, ambaye mwaka 1965 alimpandikizia meno mgonjwa wake wa kwanza, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ufundi huo ukaanza kutumika kwa masikio ya bandia. Mfupa uliopigwa mionzi huzipokea kwa shida zaidi, na bei yake bado iko mbali na watu kama mimi.

Nilipoomba pua ya pili bima ilikataa, na karatasi niliyorudishiwa iliandikwa kwamba huduma hiyo ni ya kuboresha mwonekano. Sitaitaja ofisi, kwa kuwa karani aliyeniandikia alifuata mwongozo uliokuwa mbele yake, na ni huo mwongozo ninaozungumza nao. Kuna mzee jirani yangu aliyekatwa mguu kwa kisukari, na hakuna aliyemwambia kwamba mguu bandia ni wa kuboresha mwonekano. Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2016 ya vifaa saidizi 50 vya kupewa kipaumbele, limeuweka mguu bandia pamoja na miwani, fimbo nyeupe na viti vya magurudumu, lakini uso haumo. Ikabidi nilipe kwa pensheni, nikalipa, na mwaka ule paa la jikoni likangoja. Wapo wasio na pensheni.

Msomaji mwenzangu atasema fedha ni zilezile, na kwamba ukigawa huku unapunguza kule. Naikubali hesabu hiyo, nami naomba aifanye hadi mwisho. Bima na Serikali zimeshalipia upasuaji wangu, vitanda, damu niliyoongezwa na wiki za mionzi. Baada ya gharama zote hizo nilitoka nikiwa siwezi kukaa na watu, siwezi hata kuwafundisha masomo ya ziada watoto wa mtaani kama nilivyokuwa nikifanya, na nikaanza kuruka tarehe za kliniki kwa kuogopa macho ya abiria katika basi. Mgonjwa anayeruka kliniki kwa haya ni yule ambaye saratani yake ikirudi itagunduliwa imechelewa, na dawa zitakazohitajika wakati huo ndizo hizohizo zinazokosekana. Pua inayomrudisha katika basi haizidi uzito wa kijiko cha chai. Kwa kuwa sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, naomba wanaopanga vitita vya huduma wakihamishe kiungo bandia cha uso kutoka fungu la urembo hadi fungu la tiba ya saratani, na wahesabu kwamba kitabadilishwa, kama miwani inavyobadilishwa.

La ufundi halinitii hofu. Moshi kuna chuo cha TATCOT ambacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kimewafundisha mafundi wa miguu bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, na Muhimbili wanasomesha madaktari wa meno. Moshi hukohuko hutengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino, mafuta yaliyotungwa kwa kufuata ngozi na jua la hapa. Nawataja watu wenye ualbino kwa makusudi, maana jua huwatia saratani za ngozi usoni, masikioni na shingoni wakiwa bado vijana. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa darasa la sita niliyemketisha safu ya mbele kwa ajili ya macho yake, upande wa dirishani kwenye mwanga, na sikuwahi kufikiri kwamba dirisha lile lilikuwa linamuunguza. Aliondolewa sikio akiwa na miaka ishirini na miwili. Miwani anayoihitaji kuliko mtu yeyote haina pa kushika upande ule, ameifunga kwa uzi wa nailoni. Sikio la silikoni kwake lina kazi ya kushika miwani kabla ya kazi nyingine yoyote.

Jambo la mwisho halihitaji fedha kubwa wala sheria mpya, na ndilo ninalolitamani kuliko yote: mtengeneza uso aitwe kabla ya kisu. Umbo la pua yangu halisi lingechukuliwa kwa nusu saa siku moja kabla ya upasuaji, pamoja na picha za mbele na za ubavuni na kumbukumbu ya rangi. Mpasuaji naye angejua aache kingo za namna gani ili kiungo kipate pa kukaa, na kwa mgonjwa wa kaakaa kipande cha kuziba tundu cha muda kingewekwa palepale mezani kabla hajaamka, akaamka anaweza kumeza. Kwangu mimi nakala ya pua ingekuwepo kabatini, na nisingekaa ndani miezi kumi na mmoja nikisubiri mtu aniambie kwamba jambo hili linawezekana. Mjukuu wangu, ambaye alizaliwa baada ya hayo yote, haoni ajabu yoyote, asubuhi hunikuta na kikopo na kuniuliza, "Babu, pua yako imeshaamka?"

Wiki iliyopita nilifuatwa hapa nyumbani na mama mmoja kutoka vijiji vya Pangani, aliyeelekezwa kwangu na dereva wa daladala. Ana uvimbe chini ya jicho, majibu ya kipande cha nyama kilichopimwa yameshatoka, na tarehe ya kupasuliwa ni mwezi ujao. Alitaka kuniona tu, kisha akaomba niivue, nikaivua, akaishika, akaigeuza, akairudisha. Nimemwandikia katika karatasi ya daftari, kwa hati ya ubaoni ili isomeke, maneno ya kumwonyesha daktari: kwamba anaomba achukuliwe umbo la uso kabla ya upasuaji. Ameikunja karatasi ile akaifunga pamoja na nauli kwenye pindo la kanga.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga.